Kabla Hujabadilisha Jeshi: Mbinu za Kusawazisha Mechi Zako za Warhammer 40,000

Umepigwa mechi kadhaa mfululizo. Umeingia mtandaoni, umekuta jeshi lako lina asilimia 44 ya ushindi, na sasa unawaza kuuza sanamu zote ununue jeshi linalotamba. Usikurupuke. Kuna mambo ya kukagua kwanza, na mengi yako mezani kwako, si kwenye ofisi za Games Workshop kule Nottingham, Uingereza.

Mchezo huu hauwezi kuwa sawa kama drafti. Kwenye drafti kila mmoja ana kete 12 na zote zinatembea vilevile. Huku Orks wanakuja kwa wingi na mashoka, T'au wanapiga kutoka mbali, na Imperial Knights wanaleta majitu machache ya chuma. Tofauti hizo ndizo utamu wenyewe. Kazi yako ni kuhakikisha kila anayekaa mezani ana njia ya kushinda.

Soma asilimia vizuri

Games Workshop walishasema hadharani kwamba wanalenga kila jeshi liwe kati ya asilimia 45 na 55 za ushindi kwenye mashindano. Kwa hiyo jeshi lenye asilimia 46 halina ugonjwa. Liko ndani ya mstari.

Tazama idadi ya mechi kabla hujatazama asilimia. Mechi 25 zinaweza kukudanganya kwa takriban pointi 20 za asilimia, juu au chini. Mechi 100 zinaweza kukudanganya kwa takriban 10. Ukitaka kosa lishuke hadi 5 hivi, unahitaji mechi kama 400. Mtu akikuonyesha jeshi lenye asilimia 60 kutoka mechi 30, mshukuru, kisha endelea na shughuli zako.

Tazama na tarehe. Takwimu za kabla ya marekebisho ya mwisho ya kanuni hazikuhusu tena. Chuja zibaki za baada ya marekebisho tu.

Ondoa mechi za jeshi dhidi ya jeshi lilelile. Hapo lazima mmoja ashinde na mwingine ashindwe, kwa hiyo matokeo yanaivuta asilimia kuelekea 50. Jeshi linalochezwa na watu wengi huonekana la kawaida kwa sababu hiyo, hata kama linaonea wengine.

Jiulize ni akina nani wanaolicheza. Space Marines ndilo jeshi la kwanza la watu wengi sana. Wageni wakijaa, asilimia inashuka, na jeshi lenyewe halina kosa. Kinyume chake, jeshi gumu linalochezwa na mabingwa wachache litaonekana kali kuliko lilivyo mikononi mwako.

Usiishie kwenye jina la jeshi. Katika toleo la 10, lililotoka Juni 2023, kila jeshi linachagua detachment, yaani mtindo wake wa kupigana wenye kanuni zake. Jeshi moja linaweza kuwa na detachment inayotamba na nyingine inayosuasua. Mara nyingi dawa ni kubadilisha detachment, na hiyo haikugharimu hata shilingi.

Sasa kagua meza

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu zaidi, na nakuomba ukae nami. Malalamiko mengi ya kwamba jeshi fulani limezidi ni malalamiko ya meza iliyopangwa vibaya.

Meza ya mechi ya pointi 2,000, yaani jumla ya bei za vikosi vya kila jeshi, ni inchi 60 kwa 44. Ukiiacha wazi, jeshi la bunduki ndefu litatawala, hata kama takwimu za dunia zinasema ni dhaifu. Ukiijaza kuta kila kona, jeshi la mapanga litafika kwako bila mkwaruzo. Watu wawili wanaocheza kila wiki kwenye meza ileile mbovu wataishia kuamini kabisa kwamba jeshi moja limependelewa.

Fanya jaribio hili kabla ya mechi. Piga magoti, weka jicho lako usawa wa sanamu iliyosimama kwenye eneo lako la kuanzia, kisha tazama upande wa mwenzako. Sogea kushoto, tazama tena. Sogea kulia, tazama. Ukiona zaidi ya nusu ya eneo lake kutoka sehemu yoyote, meza iko wazi mno. Ongeza gofu.

Kisha fanya jaribio la pili. Jiulize: mtu atakayecheza wa pili anaweza kuficha sehemu kubwa ya jeshi lake kabla hajaguswa? Kama hawezi, mechi itaamuliwa na dadu ya kuchagua nani aanze. Hapo hata majeshi mawili yanayolingana kabisa yataonekana hayalingani.

Panga nusu moja ya meza, kisha uirudie nusu ya pili ikiwa imegeuzwa. Kila upande upate kile kile. Weka gofu kubwa moja au mawili karibu na katikati, ili pasiwe na njia ndefu ya kupiga risasi kutoka kona hadi kona.

Huna magofu ya plastiki? Kata maboksi. Chukua kipande cha kadibodi cha inchi 12 kwa 6 kiwe sakafu, simamisha juu yake kuta mbili zinazokutana kwenye kona, zenye urefu wa inchi 5 au zaidi. Paka rangi ya kijivu. Ukiwa na vipande kama hivyo vya kutosha, vikubwa na vidogo, mchana mmoja unakutosha kubadilisha kabisa mechi zenu.

Sakafu hiyo ina kazi. Katika toleo la 10, gofu linazuia kuona kupita upande wa pili hata kama kuta zake zina matundu. Unaweza kuona kilicho ndani yake, lakini huwezi kuona ng'ambo. Kwa hiyo mpaka wa gofu lazima uonekane wazi mezani, na sakafu ndiyo mpaka. Bila sakafu, mtabishana kila zamu.

Kubalianeni pia kwamba madirisha ya ghorofa ya chini yamezibwa. Mashindano mengi yanafanya hivyo. Linaonekana jambo dogo, lakini kwa kikosi kinachotembea kwa miguu kuelekea kwenye bunduki, hilo ndilo linaloamua kifike au kiishie njiani.

Kama hujui pa kuanzia, tumia mipangilio ya magofu ambayo Games Workshop huitoa kwa ajili ya mashindano. Imepimwa na majeshi mengi. Cheza nayo mechi chache kabla hujaanza kubuni ya kwako.

Tafuta alama zako zilipopotelea

Ushindi hauhesabiwi kwa maiti. Katika misheni za mashindano za toleo la 10, alama ni 100: hadi 50 za kushikilia vituo mezani, hadi 40 za majukumu ya ziada, na 10 za jeshi lililopakwa rangi. Watu wengi wanaolalamika kwamba jeshi lao halina nguvu wamesahau mbili za mwisho.

Anza na zile 10. Ukipaka rangi jeshi lako lote kwa kiwango cha kawaida, unazipata bila kurusha dadu hata moja. Kama ulishindwa kwa alama 8 na sanamu zako bado ni za kijivu, tatizo lilikuwa brashi. Paka kwanza, lalamika baadaye.

Kisha weka karatasi pembeni. Mechi ina raundi 5. Kila raundi ikiisha, andika alama za kila mmoja na zimetoka wapi. Baada ya mechi chache utaona mtindo wako. Labda unaanza vizuri halafu unaishiwa watu raundi ya 4. Labda majukumu ya ziada yanakupita kwa sababu huna vikosi vidogo vya haraka vya kutuma pembeni. Hayo unayarekebisha kwenye orodha, ndani ya jeshi lilelile.

Tenga vikosi viwili vya bei ndogo ambavyo havitapigana kabisa. Kazi yao ni kukimbia, kusimama mahali, na kuchukua alama. Inauma kutumia pointi kwa watu wasiopiga risasi. Fanya hivyo hivyo.

Piga hesabu kabla ya kumlaumu mtu

Huhitaji programu. Unahitaji sehemu tu: theluthi, nusu, moja ya sita.

Chukua Intercessors watano wa Space Marines. Kila mmoja anapiga risasi mbili, kwa hiyo una dadu 10. Wanapata shabaha kwa 3 au zaidi, yaani theluthi mbili: dadu 6.7 kwa wastani. Wanawapiga Ork Boyz. Bunduki ina nguvu 4, ugumu wa Ork ni 5, kwa hiyo unahitaji 5 au zaidi ili kujeruhi, yaani theluthi moja. Zinabaki 2.2. Kinga ya Boyz ni 5 au zaidi, lakini risasi hii inaipunguza hadi 6 tu. Mwisho wa hesabu, wanaanguka karibu Orks wawili.

Wawili. Kikosi cha Boyz kinaanza na watu 10. Kama mpango wako ulikuwa Intercessors watano wakisafishe kikosi hicho, mpango ulikuwa mbovu hata kama Orks wangekuwa na asilimia 40 za ushindi duniani kote.

Sasa elekeza bunduki zilezile kwenye Land Raider. Ugumu wake ni 12, kwa hiyo unahitaji 6 kujeruhi. Dadu 6.7 zinakuwa 1.1, kisha kinga yake inazuia theluthi mbili ya hizo. Unabaki na theluthi moja ya jeraha, na gari lina majeraha 16. Hutaliua mwaka huu. Tafuta silaha nzito, au liache lipite uende kushika vituo.

Fanya hesabu hii kwa vikosi vitatu unavyovitegemea zaidi, dhidi ya vikosi vitatu vinavyokusumbua zaidi. Andika majibu nyuma ya orodha yako. Utaona haraka kama unakosa silaha fulani au kama kweli jeshi zima limezidiwa.

Jeshi likiwa na kasoro ya kweli

Inatokea, na sitaki ujilaumu ikitokea. Toleo la 10 lilipoanza mwaka 2023, jeshi la Aeldari lilikuwa limezidi kabisa. Lilirusha dadu 12 kabla ya mechi na kuziweka kando, kisha mchezaji akatumia matokeo hayo pale anapotaka. Baadhi ya silaha zao kubwa, kama zile za Wraithknight, zilikuwa na kanuni kwamba ukipata 6 ya kujeruhi, majeraha yanapita bila kinga. Ukiunganisha mambo hayo mawili, mtu alikuwa na 6 mfukoni kabla hata hujafika mezani. Juu ya hapo, majitu makubwa yaliruhusiwa kuona kupita magofu. Hapo ufundi wako pekee haukutosha.

Lakini angalia kilichofuata. Pointi zilipandishwa haraka, na baadaye mwaka huohuo kanuni ya majeraha yale na ile ya majitu kuona kupita magofu zikabadilishwa. Mwaka 2019 kitabu cha Iron Hands kilipunguzwa makali muda mfupi baada ya kutoka. Mwaka 2022 Leagues of Votann walipandishiwa pointi kabla kitabu chao hakijaanza kuuzwa peke yake madukani. Tangu Novemba 2021, kampuni inatoa waraka wa kusawazisha kanuni mara kwa mara, pamoja na orodha ya pointi, na unaipata bure.

Sasa weka hilo pembeni ya kalenda yako. Kununua jeshi, kulikata, kuligundisha na kulipaka rangi kunachukua miezi. Marekebisho yanakuja baada ya miezi. Ukifukuzia jeshi linaloshinda leo, kuna uwezekano mkubwa utalimaliza siku linapopunguzwa makali. Nimeona watu wakifanya hivi mara mbili, tatu, na kabati linajaa majeshi ya nusu nusu.

Usinunue nakala tatu za kikosi ambacho kila mtu anakilalamikia sasa hivi. Hicho ndicho kitakachoguswa kwanza. Nunua vikosi vyenye kazi zaidi ya moja: vinavyotembea haraka, vinavyoshika kituo, na vinavyoweza kujitetea. Pointi zao zikipanda kidogo, bado utavihitaji.

Waraka mpya ukitoka, soma ukurasa wa jeshi lako, halafu ukurasa wa majeshi mawili unayokutana nayo zaidi. Kisha jenga orodha upya kutoka pointi sifuri. Ukitaka kuokoa muda kwa kupunguza kikosi kimoja tu cha zamani, utabaki na orodha iliyojengwa kwa mchezo ambao haupo tena.

Mkiwa watu wachache mnaocheza pamoja

Kundi dogo lina nguvu ambayo mashindano hayana: mnaweza kukubaliana.

Badilishaneni majeshi. Mpe mwenzako jeshi lako, wewe chukua lake, chezeni misheni ileile kwenye meza ileile. Akikushinda tena kwa jeshi lako mwenyewe, basi muombe akufundishe. Wewe ukishinda kwa lake, na ikajirudia, kuna kitu cha kusawazisha.

Kusawazisha kwenyewe kufanyeni kwa pointi, msiguse kanuni. Mwenye jeshi dhaifu aje na pointi 2,100 dhidi ya 2,000. Chezeni mechi kadhaa hivyo kabla ya kuongeza au kupunguza. Badilisheni kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mkibadilisha meza, pointi na misheni siku moja, hamtajua kipi kilisaidia.

Kabla ya mechi, mwambie mwenzako jeshi lako linafanya nini. Umbali wa kushambulia, kikosi kinachoweza kutokea nyuma yake, silaha inayopita kinga. Yeye akuambie yake. Dakika tano zinatosha. Kushindwa na kanuni usiyoijua kunafanana sana na kuonewa, na wengi huacha mchezo kwa sababu hiyo peke yake.

Kama mnaandaa mashindano, tangazeni mapema mipangilio ya magofu na tarehe ya mwisho ya kanuni zitakazotumika. Wekeni saa za chesi mezani, kila mchezaji na muda wake. Mechi ya pointi 2,000 inahitaji kama saa tatu. Jeshi la watu wengi likila muda wote na mechi ikakatwa raundi ya 3, jeshi linalokusanya alama mwishoni limenyang'anywa nusu ya mchezo wake. Hakuna orodha ya pointi inayorekebisha hilo.

Ukiwa mbali na wachezaji wengine, tumia Tabletop Simulator kwenye kompyuta. Utacheza na watu wa nchi nyingine bila kununua sanamu hata moja, na utakutana na majeshi ambayo hayapo mtaani kwako. Jeshi linalokutisha leo litakutisha kidogo ukishapambana nalo mara kadhaa.

Lini ubadilishe jeshi kweli

Badilisha kama hulipendi. Kama unataka kukimbilia adui na jeshi lako linakulazimisha kusimama nyuma upige risasi, hakuna waraka wa pointi utakaokufurahisha. Hiyo ni sababu halali kabisa.

Lakini usianze dukani. Azima jeshi la rafiki, au kata vipande vya kadibodi vyenye ukubwa wa vitako vya sanamu na uandike majina juu yake. Muombe mwenzako ruhusa, cheza nalo kwenye meza iliyopangwa vizuri, pambana na majeshi matatu tofauti. Ukiondoka unawaza mechi ijayo hata pale ulipopigwa, anza kununua, kikosi kimoja kimoja, na upake rangi cha kwanza kabla hujafungua boksi la pili.